Shajara ya mradi: muziki juu ya pikipiki katika barabara za Goma

Jumamosi: ninachotaka

Ninabeba abiria kwa pikipiki hapa Goma. Kutwa niko barabarani: Birere, Majengo, Katindo, Ndosho, siku nyingine mpaka Sake. Muziki kwangu ni sehemu ya kazi. Unanishika macho wakati wa jua kali, na abiria akisikia wimbo anaoupenda hata bei hatubishani sana. Mpaka wiki hii nilitumia kile kispika cha kuchaji kinachofungwa kwenye usukani kwa mkanda wa mpira na kupokea nyimbo kutoka kwenye simu kwa Bluetooth. Pikipiki ikiwa imesimama kinaimba vizuri. Nikivuka kilomita 30 kwa saa, mwimbaji anapotea, nabaki na nyuki ndani ya mkebe.

Nimeamua kujenga mfumo wangu kuanzia mwanzo na kuandika hapa kila hatua. Wamotari wengi ninaowafahamu, yaani waendesha pikipiki wenzangu, wananunua bafle (sanduku la spika) kubwa, wanaifunga chini ya tanki, na baada ya miezi michache betri imechoka, bafle inakwaruza, na pesa imekwenda. Nataka maneno ya wimbo yasikike waziwazi nikiwa kilomita 40 kwa saa. Nataka betri iwashe pikipiki asubuhi bila kusukuma. Nataka vyombo vistahimili mawe yetu, vumbi letu na mvua yetu. Na honi ya lori la Fuso nyuma yangu lazima niisikie hata sebene, ile sehemu ya rumba ya magitaa na kucheza, ikiwa imepamba moto.

Kwa sababu hiyo ya mwisho, vifaa vya kuingiza masikioni nimevikataa tangu leo. Motari anayeziba masikio yote mawili kwenye mzunguko wa Signers anabahatisha uhai wa mtu aliyekaa nyuma yake, na huyo mtu hakuulizwa.

Jumapili: hesabu ya nguvu kabla ya kununua

Ampli (vikuza sauti) nyingi ndogo zinazouzwa mjini zimeandikwa wati 50 mara mbili, au 100 kabisa. Nyingi ya hizo za wati 50 zimejengwa juu ya chipu moja ya Texas Instruments, TPA3116. Chipu ni nzuri kweli. Ni ampli ya daraja D, yaani haipotezi umeme mwingi kwa joto, na inakubali volti kuanzia 4.5 hadi 26. Ila zile wati 50 kwa kila upande zinapatikana ukiipa volti 21 na spika ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Pikipiki haina volti 21. Ina 12 injini ikiwa imezimwa, na kama 14 injini ikizunguka vizuri.

Hesabu yenyewe ni fupi. Spika ya omu 4 kwenye volti 12 inapata kama wati 18, si zaidi, na kwenye volti 14 inapata kama 24. Ukipandisha sauti kupita hapo, kinachoongezeka ni mkwaruzo: kilele cha wimbi la sauti kinakatwa, na spika inaumia. Kwa hiyo bafle nyingi zinazokwaruza mjini zimechoshwa na umeme usiotosha, ingawa mwenyewe anadhani alinunua nguvu nyingi mno.

Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba kuzidisha wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na sikio linahitaji kama desibeli 10 ndipo liseme sauti imekuwa kubwa maradufu. Umbali una faida kuliko wati. Spika iliyo mita moja kutoka sikioni, ukiisogeza ikawa nusu mita, unapata desibeli 6, sawa na kuzidisha nguvu ya ampli mara nne, bila kugusa betri. Kwa hiyo spika zangu hazitakaa kwenye vyuma vya kulinda miguu. Zitakaa juu ya usukani, chini kidogo ya vioo, zikinitazama usoni.

Jumatano: Birere

Nimepita kwa fundi wa redio ninayemheshimu sana, mzee aliyetengeneza redio za mtaa mzima tangu zama za kaseti. Nilimwonyesha ampli mezani kwa jirani yake.

"Papa, hii wati mia iko sawa?"

"Mwanangu, mia iko kwenye karatasi tu. Batri yako iko ya ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Basi hesabu ishirini kila upande, na uombe spika nzuri. Spika ndiyo inaimba."

Nilifurahi kusikia hesabu yangu ya Jumapili kinywani mwake. Nimenunua ampli ya TPA3116 ya pande mbili na kibao kidogo cha kucheza MP3 chenye tundu la kadi ya memori, USB na Bluetooth. Nimeongeza kipunguza volti cha kutoa volti 5, fyuzi ya ampea 5 na kikopo chake, na spika mbili za inchi 4, omu 4, zenye utando wa plastiki. Za karatasi zilikuwa rahisi, lakini karatasi na mvua ya Goma hazikai nyumba moja. Mzee alinifungulia spika kadhaa kwa zamu kwenye redio yake ili nichague kwa sikio. Ile iliyoimba kwa nguvu zaidi bila kugusa sauti ndiyo niliyochukua. Tofauti ya desibeli 3 kati ya spika mbili ni sawa na nusu ya ampli yako, na unaipata papo hapo mezani kwa kusikiliza tu.

Alhamisi: masanduku

Spika bila sanduku inapiga hewa mbele na nyuma, na hewa ya nyuma inaua ya mbele. Nimetumia bomba la plastiki la maji machafu, la milimita 110, vipande vifupi viwili, kila kimoja na kofia yake nyuma. Spika ya inchi 4 inaingia mdomoni kwa bomba hilo kana kwamba vilipimwa pamoja. Nimepasha mdomo moto kidogo juu ya makaa, nikasukuma spika, plastiki ikaikumbatia ilipopoa. Silikoni kuzunguka ukingo, kitambaa kizito ndani ili sauti isirudi, wavu wa chuma mbele. Mdomo umeelekea juu kuelekea uso wangu lakini una kijikofia kilichokatwa kutoka kwenye bomba lilelile, ili mvua iteremke bila kuingia.

Nimefunga yote mawili kwenye usukani kwa vibano vya chuma vyenye mpira wa ndani wa tairi katikati. Kisha nikazungusha usukani mpaka mwisho kushoto, mpaka mwisho kulia, nikiangalia waya na kebo ya breki. Waya wa spika lazima uwe na ulegevu wa kutosha pale shingoni. Waya uliobana shingoni utakatika, na ukibana zaidi utakuzuia kukata kona, jambo ambalo ni baya kuliko kukosa muziki.

Uzito kwenye usukani unahisika. Ni mdogo, lakini upo, na nimeendesha polepole jioni nzima ili mikono iuzoee kabla ya kubeba mtu.

Jumamosi: umeme

Betri yangu ni ya volti 12 na ampea 5 kwa saa. Ni ndogo. Ukiisoma kwa wati, ni kama wati 60 kwa saa moja, na betri ya asidi haipendi kushushwa chini ya nusu. Muziki wa kawaida kwa sauti ya kadiri unakula labda wati 10 kwa wastani, kwa hiyo ukizima injini na kuacha muziki kituoni kwa saa tatu, umeimaliza ile nusu. Ndiyo maana umeme wa ampli nimeupitisha kwenye swichi ya funguo: funguo ikizimwa, muziki umezimwa. Kwa kukaa kituoni kile kispika cha zamani cha kuchaji bado kipo mfukoni.

Kabla ya kufika kwenye swichi hiyo waya wa umeme unaanzia kwenye betri, na fyuzi imekaa mwanzoni kabisa, kiganja kimoja kutoka kwenye betri. Fyuzi iliyo karibu na ampli hailindi waya unaopita chini ya tanki ya esansi (petroli), na ni waya huo ukichubuka ndio unaoweza kuchoma pikipiki. Nimeuvisha bomba la plastiki njia nzima.

Jambo moja la ampli hizi ni lazima kila anayejenga alijue: waya hasi wa spika usiunganishwe na chasi. Katika redio nyingi za zamani hasi ya spika ilikuwa ni chasi, na mafundi wengi bado wanaunganisha hivyo kwa mazoea. Katika TPA3116 waya zote mbili za spika zinasukumwa na chipu, moja ikipanda nyingine inashuka. Zote mbili ziende kwenye spika tu. Mzee wa Birere alinionyesha droo ya ampli alizoletewa zikiwa zimeungua kwa sababu hiyo moja.

Nimepima kwa mita baada ya kumaliza. Taa imewaka, muziki unacheza, injini imetulia: volti 12.9. Nikipandisha mwendo wa injini: 14.2. Betri inachajiwa. Hilo lilikuwa sharti.

Jumatatu: mlio

Leo nimeendesha nayo kwa mara ya kwanza na kuna mlio. Ni mlio mwembamba juu ya muziki, unaopanda nikiongeza mwendo wa injini na kushuka nikipunguza. Ukisimamisha wimbo, mlio unabaki. Ukizima injini, unakufa. Kwa abiria labda si kitu. Kwangu mimi haukubaliki, kwa sababu mlio huo unakaa mahali palepale linapokaa gitaa la solo.

Chanzo kinajulikana. Jenereta ya pikipiki na rektifaya yake, ile inayogeuza umeme uende upande mmoja, hazitoi umeme laini, na mfumo wa cheche unaongeza kelele yake. Kibao cha MP3 na ampli vinakula umeme kwenye betri moja, na tena vimeunganishwa kwa waya wa sauti. Kwa hiyo hasi inafika kwenye ampli kwa njia mbili: kupitia waya wa umeme na kupitia waya wa sauti. Katika mzunguko huo kelele ya jenereta inatembea, na ampli inaikuza kama sehemu ya wimbo. Nimehamisha waya mbali na koili ya cheche, mlio ukapungua kidogo. Nimeongeza kapasita kubwa (kifaa cha kutunza umeme kidogo na kuulainisha) kwenye umeme wa kibao, ukapungua kidogo tena. Haujaisha.

Jumatano: modemu ya simu

Nimerudi kwa mzee. Nilimweleza, akasikiliza, akasema, "Lazima uzikate damu zao, zisichangie." Akavuta chini ya meza modemu iliyokufa, zile za zamani za kuunganisha kompyuta na laini ya simu. Ndani yake kuna transfoma ndogo, ukubwa wa ncha ya kidole gumba, iliyowekwa pale kutenganisha kompyuta na waya wa simu. Sauti inavuka kwa sumaku, umeme wenyewe hauvuki. Ukiipachika kati ya kibao cha MP3 na ampli, ile njia ya pili ya hasi inakatika.

Niliipima kwa kichwa kabla ya kuichomelea, kwa sababu transfoma ya modemu ilitengenezwa kwa laini ya simu, na laini ya simu inabeba sauti ya kuanzia hezi 300 hadi 3,400 (hezi ni idadi ya mitikisiko kwa sekunde). Besi itakonda. Mtu wa muziki wa nyumbani angeikataa hapo hapo. Lakini tuangalie barabarani kuna nini. Injini ya silinda moja ya mipigo minne ikizunguka mara 6,000 kwa dakika inapasuka mara 50 kwa sekunde. Hiyo ni hezi 50, na vizidisho vyake 100, 150, 200. Gitaa la besi, waya wake wa chini kabisa ni hezi 41. Yaani injini na besi wanaishi chumba kimoja, na injini ndiye mwenye nguvu. Upepo unaopiga kofia ngumu nao nguvu zake nyingi ziko huko huko chini. Kila wati unayoitumia kwenye besi juu ya pikipiki inamezwa kabla haijafika sikioni, na inachosha spika bure.

Kinachopita ni katikati. Matamshi ya mwimbaji, yale yanayokufanya uelewe neno, yako kati ya hezi 1,000 na 4,000. Gitaa za rumba yetu zinapigwa juu ya shingo ya gitaa, kavu, bila mkwaruzo, na sauti yake inakaa juu ya kelele ya injini. Nadhani hii ndiyo sababu sebene inasikika kwenye pikipiki wakati nyimbo zilizojengwa juu ya besi nzito zinageuka ngurumo. Transfoma ya modemu inanyima besi ile ambayo barabara ingeinyima hata hivyo.

Kwa hiyo mpangilio ni huu. Kutoka kwenye kibao, upande wa kushoto na wa kulia kila mmoja unapita kwenye rezista (kizuizi kidogo cha umeme) ya omu 1,000, kisha wanakutana na kuwa mono, yaani sauti moja isiyogawanywa kushoto na kulia. Mono inaingia kwenye transfoma, inatoka upande wa pili, inaingia pande zote mbili za ampli. Sauti ya kibao naiacha katikati, kwa sababu kiini cha transfoma hii ni kidogo na ukikisukuma sana kinakaba. Kukuza ni kazi ya ampli.

Mono sikuiona kuwa hasara. Spika zangu ziko upana wa usukani, na rumba nyingi ya miaka ya 1950 na 1960 ilirekodiwa mono tangu studio. Tena zile za stereo za kwanza zinaweka gitaa upande mmoja na sauti upande mwingine kabisa. Abiria aliyeinamisha kichwa kulia angesikia nusu ya bendi.

Nimewasha injini. Kimya. Nimekaza gesi, kimya. Nimecheza wimbo, na kila gitaa likasimama mahali pake. Mzee alitoka nje, akainama kwenye spika, akasema, "Sasa iko muziki." Alikataa pesa ya transfoma. Nimempelekea mkate na majani ya chai jioni.

Jumapili: nyimbo zenyewe

Hapa ndipo wengi hawapiti, na nadhani hapa kuna nusu ya kazi yote.

Nyimbo zangu zimetoka kila mahali: zilizonakiliwa kutoka kwenye kaseti za baba, zilizotumwa kwa simu, zilizonunuliwa kwa vijana wa kompyuta mjini. Moja inanong'ona, inayofuata inapiga kelele. Na rumba inayo tabia yake: inaanza taratibu kwa maneno, halafu sebene inaingia kwa nguvu. Nyumbani hilo ndilo tamu lake. Barabarani maana yake ni kwamba unapandisha sauti ili usikie maneno, na sebene ikiingia inakurukia usoni wakati uko katikati ya lori mbili.

Nimetumia FFmpeg, programu ya bure, kwenye kompyuta ya mdogo wangu. Kila wimbo umepita hatua hizi kwa amri moja: kata besi chini ya hezi 150, punguza tofauti kati ya sehemu laini na sehemu kubwa, zifikishe zote kiwango kimoja cha sauti, zigeuze mono, ziandike MP3 ya kilobiti 96 kwa sekunde. Kwa mono, 96 inatosha kabisa juu ya injini. Wimbo wa dakika 5 unakuwa kama megabaiti 3.6, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 8 inabeba zaidi ya nyimbo 2,000. Asilia zote nimeziacha bila kuguswa kwenye kompyuta. Nakala za pikipiki ni za pikipiki; za kusikiliza nyumbani ni zile zenye besi yake yote, na kuzifuta ingekuwa dhambi.

Kadi iwe ya gigabaiti 32 au chini, na iandaliwe kwa mfumo wa FAT32. Kadi kubwa zaidi huja na mfumo wa exFAT, na vibao hivi vya bei ndogo vingi haviusomi. Tena kibao changu hakifuati alfabeti, kinafuata mpangilio wa jinsi nyimbo zilivyoandikwa kwenye kadi. Ukizinakili zote kwa mkupuo unaweza kupata mchanganyiko usioelewa. Nimezinakili folda moja baada ya nyingine: za dini kwanza kwa asubuhi ya mapema, kisha rumba ya zamani, kisha za vijana. Bluetooth bado ipo kwa abiria anayetaka wimbo wake, lakini simu yangu mwenyewe inakaa mfukoni imefungwa. Kubofya simu huku unaendesha kwenye barabara hii sikuruhusu.

Kitufe cha wimbo unaofuata nimekitoa kwenye kibao kwa waya mbili na kukileta kwenye usukani wa kushoto, karibu na swichi ya taa, mahali kidole gumba kinapofika bila macho kushuka.

Ijumaa: kuzima haraka

Asubuhi mama mmoja alinisimamisha karibu na soko la Virunga, amevaa kitenge cheusi, ameshika kifurushi cha mchele. Nilikuwa na wimbo wa harusi unacheza. Alipanda, akanigusa bega.

"Papa motari, zima kwanza hiyo. Niko naenda kilio."

"Pole sana, mama."

Ili kuzima nilipaswa kushusha sauti kwa kukizungusha kile kitufe kidogo cha ampli chini ya kiti, au kuzima funguo. Nilizima injini, nikashuka, nikainua kiti huku yeye amesimama kando anasubiri. Jambo hilo halifai. Mtu aliye na msiba asisubiri fundi.

Jioni nimeongeza swichi. Kwa kuwa zile rezista mbili za omu 1,000 ziko kabla ya transfoma, naweza kuunganisha sauti na hasi yake mara baada ya rezista bila kukiumiza kibao, rezista zinakilinda. Swichi moja ya kubonyeza na kukaa, waya mbili, iko upande wa kulia wa usukani juu ya breki. Ikibonyezwa, kimya mara moja, hakuna mshindo, na wimbo unaendelea kutembea ndani bila kusikika. Gharama yake ni ndogo kuliko chupa ya soda, na kama ningeambiwa nibaki na sehemu moja tu ya mradi huu, ningebaki na hiyo. Sasa naitumia mbele ya hospitali, mbele ya shule, kwenye kizuizi nikisimamishwa, na kila abiria anapopokea simu.

Baada ya mwezi: mawe

Goma imejengwa juu ya lava. Ile ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani. Ile ya tarehe 22 Mei 2021 ilisimama kaskazini, upande wa Buhene. Njia nyingi za ndani ya mitaa ni mawe hayo hayo, makali, yasiyo na mpangilio. Pikipiki inatetemeka kutoka asubuhi hadi usiku, na mtetemo unaua vyombo vya sauti kuliko mvua.

Kitu cha kwanza kulalamika kilikuwa kadi. Wimbo unakatika kwa nukta moja, kisha kibao kinaanza upya kutoka wimbo wa kwanza. Tundu la kadi linashika kwa vijichuma vidogo vya springi, na jiwe kubwa linatosha kuviachanisha. Nimeweka kipande chembamba cha plastiki juu ya kadi ili ibanwe, na tone la gundi ya moto mdomoni kwa tundu. Kadi ndogo ni bora kuliko fimbo ya USB kwa kazi hii. Fimbo inachomoza, na kila tetemeko linaivuta juu chini mpaka soketi inalegea.

Kitu cha pili nilikiona nilipofungua ampli kukagua: kapasita ndefu zilikuwa zinacheza kwenye miguu yake. Kapasita imesimama kwa nyaya mbili nyembamba, na kichwa chake ni kizito. Zinachoka, zinakatika. Nimezizungushia silikoni chini na kuziunganisha ubavu kwa ubavu, pamoja na zile koili. Kibao na ampli sasa havijafungwa kwa skrubu kwenye kopo. Vinaning'inia kwenye vipande vya mpira wa ndani wa tairi, pembe nne, ndani ya kopo la plastiki chini ya kiti. Skrubu zilizobaki zote zina tone la rangi ya kucha, ambayo inazishika zisilegee.

Halafu vumbi. Nilitoa wavu wa spika ya kushoto kusafisha. Kwenye sumaku, nyuma, vumbi jeusi lilikuwa limesimama wima, nywele fupi fupi, kila punje imeshikilia nyingine. Vumbi letu lina madini ya chuma ndani yake, na sumaku ya spika inalivuta. Punje hizo zikiingia kwenye mwanya wa koili ya sauti, spika itakwaruza milele. Lilikuwa limepenya kwenye tundu la waya. Nimelitoa kwa mkanda wa gundi, punje kwa punje, nikaziba tundu la waya kwa silikoni, na mbele, chini ya wavu, nimeweka kitambaa chembamba cha soksi ya kike. Sauti inapita, vumbi halipiti. Anayejenga Goma asiache hatua hiyo. Kwa aliye Bukavu tatizo litakuwa matope, na kitambaa hichohicho kitamfaa.

Masikio

Nimepima kwa programu ya simu, simu ikiwa pembeni ya kofia ngumu. Simu si kipimo cha maabara, lakini inatoa picha. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama kazini, NIOSH, inaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka zinapunguza muda kwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Motari anakaa barabarani zaidi ya saa 8, na upepo na injini tayari vinakula sehemu kubwa ya posho hiyo. Kwa hiyo nimeweka alama ya rangi nyeupe kwenye kitufe cha sauti, na mkono wangu hauvuki hapo. Kwa kuwa sauti ni safi na iko karibu, sijahitaji kuvuka. Usiku, nikirudi Ndosho bila abiria, nashusha hata chini ya hapo.

Hali ilivyo sasa

Mfumo unafanya kazi kila siku. Betri inawasha pikipiki asubuhi kwa mguso mmoja. Maneno ya wimbo yanasikika kwa kilomita 40, na kwenye lami ya kwenda Sake nikifika 60 maneno yanaanza kupotea lakini gitaa bado zipo. Sioni sababu ya kupigania zaidi ya hapo. Mvua kubwa imenikuta mara kadhaa na masanduku ya bomba hayakuingiza maji.

Kilichobaki ni mwanga mdogo kwenye swichi ya kuzima, ili usiku nijue kama muziki umenyamazishwa au kadi imegoma. Na jirani yangu wa kituo, mwenye pikipiki ya Boxer, ameshanunua spika za inchi 4 na bomba. Transfoma bado. Mzee amesema kuna modemu nyingine mbili chini ya meza, na mashine moja ya faksi iliyotoka ofisini kwa watu. Ya faksi nayo ina transfoma ya namna hiyohiyo. Jumamosi tunazifungua.